Zhu Wenjin: mlinzi aliyekalia kiti cha mfalme miezi 10

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine wote habari za jioni. Nashukuru kwa nafasi hii. Mada ni mapinduzi ya kijeshi katika historia na najua wengi mlitegemea nianzie karne ya 20, ila mimi naomba leo niwapeleke mbali kidogo, kusini mashariki mwa China, mwaka 944, kwenye kaufalme kadogo kalikoitwa Min, pale ambapo siku hizi ni mkoa wa Fujian. Kulikuwa na kamanda wa walinzi anaitwa Zhu Wenjin. Alimuua mfalme wake, akakaa yeye kwenye kiti, akatawala miezi kama 10 hivi alafu na yeye akauawa, kichwa chake kikasafirishwa ndani ya boksi.

Nimemsoma huyu mtu muda mrefu sasa na kuna jambo moja kwake linanigusa sana, ndo hilo nimekuja kulisema. Zhu Wenjin hakuangushwa kwanza na jeshi, aliangushwa na habari. Tena habari za uongo, za kutungwa usiku na maafisa wa kati, na zote zilikuwa zinasema kitu kile kile, kwamba Zhu ameshakwisha. Na kila aliyezisikia aliamini palepale bila kuuliza. Sasa serikali ikifika mahali ambapo habari ya kifo chake inaaminika kabla haijafa, mimi nasema hiyo serikali haikuwahi kuwepo, kilichokuwepo ni jengo la ikulu na watu wenye silaha ndani yake.

Ngoja nianze mbali kidogo ili tuelewane. Dola ya Tang ilikufa mwaka 907 na China ikapasuka vipande vipande, kaskazini nasaba zinapokezana kila baada ya miaka michache, kusini kila gavana mwenye jeshi kajifanyia nchi yake. Min ilitengenezwa na ndugu watatu kutoka Gushi, Wang Chao na wadogo zake Wang Shengui na Wang Shenzhi, walioingia Fujian mwaka 885 na jeshi lililokuwa linakimbia vita za huko juu. Mji wa Quanzhou waliuchukua mwaka 886, Fuzhou, uliokuja kuwa mji mkuu wao, mwaka 893. Mdogo wa mwisho, Wang Shenzhi, ndo aliyetawala muda mrefu mpaka 925, na watu walimpenda kweli maana alikuwa mtu wa maisha ya kawaida, kodi zake nafuu, akafungua bandari na kukaribisha wafanyabiashara wa ng'ambo.

Alafu akafa, na watoto wake wakaanza kumalizana. Mrithi wa kwanza Wang Yanhan aliuawa na ndugu zake kabla hata ya miaka 2 kuisha. Aliyefuata, Wang Yanjun, akajitangaza kaizari mwaka 933, akauawa mwaka 935 ikulu kwake na kiti kikaenda kwa mwanae, Wang Chang. Kwaiyo kabla mlinzi yeyote hajagusa kiti, wenye kiti wenyewe walikuwa wameshawafundisha walinzi kwamba damu ya mfalme inamwagika kama damu ya mtu mwingine yeyote.

Na hapa tuwaangalie walinzi wenyewe, maana hapa ndo ishu yote ilipo. Wale askari wa zamani wa Wang Shenzhi, waliokuwa naye toka mwanzo, waliundiwa vikosi viwili vya ulinzi, kimoja Gongchen, kingine Konghe. Hawa ni watu waliojiona kwamba nchi hii tumeileta sisi. Zhu Wenjin alikuwa kamanda wa Gongchen, na mwenzake Lian Chongyu kamanda wa Konghe. Sasa Wang Chang alivyoingia madarakani hakuwaamini, akaajiri kikosi kipya cha kwake, akakiita Chenwei, akakilipa mishahara na zawadi kubwa kuliko vile viwili vya zamani. Unaona tatizo hilo? Umewanyang'anya hadhi, umewaonyesha kwa hela kwamba huwaamini, alafu bado umewaachia silaha na zamu za usiku ikulu. Watu wakamwambia hawa jamaa wananung'unika, wanaweza kuasi, yeye akaona dawa ni kuwatawanya wapelekwe miji ya mbali, Zhangzhou na Quanzhou, wakakasirika zaidi. Na makamanda wenyewe alikuwa anawatukana mbele ya watu mara kwa mara.

Mwaka 939 ikulu ya kaskazini ikaungua, aliyechoma hakupatikana. Wang Chang akamwagiza Lian Chongyu asafishe magofu kwa kutumia askari, watu 10,000 kwa siku wanabeba kifusi, askari walichoka vibaya. Alafu akaanza kumshuku Lian huyo huyo kwamba alijua mpango wa kuchoma, akataka kumuua. Msomi mmoja wa ikulu, Chen Tan, akampenyezea Lian siri. Usiku ule Lian alikuwa zamu, akawachukua vikosi vyote viwili wakachoma kasri na kuishambulia, wakamtoa mjomba... samahani, baba mdogo wa mfalme, Wang Xi, aliyekuwa amefungiwa nyumbani baada ya kujifanya kichaa kwa muda ili asiuawe, wakampigia kelele za maisha marefu. Wang Chang akakimbilia milimani na watu wachache, akakamatwa na ndugu yake wa ukoo, wakamlewesha njiani wakamnyonga.

Kwaiyo 939 walinzi waliua mfalme wa kwanza. Ila angalieni walichofanya baada ya hapo, waliweka Wang mwingine. Mnaishika hiyo? Walijua kwamba wao ni mlango tu, mwenye nyumba lazima awe Wang. Nitairudia hii pointi mbele.

Wang Xi sasa. Huyu alikuwa balaa. Alikuwa mlevi wa kupindukia, na ulevi wake ulikuwa wa kuua. Alitengenezewa vikombe vya fedha nyembamba kama jani, laini, ukishikishwa huwezi kukiweka chini mpaka umalize, na asiyemaliza anaweza kuuawa. Kuna usiku mmoja wageni wote walizidiwa wakatolewa, akabaki mtu mmoja mwembamba mfupi anaitwa Zhou Weiyue. Mfalme akauliza mwili mdogo hivi pombe yote inakaa wapi? Wahudumu wakamwambia pombe ina utumbo wake wa pekee. Mfalme akafurahi kabisa, akaagiza Zhou ashushwe akapasuliwe ili auone huo utumbo wa pombe! Aliyemuokoa ni mtu aliyesema mkimuua huyu hakutabaki mtu wa kunywa na mfalme sawasawa. Ndo hivyo, maisha ya mtu yakapona kwa hoja ya namna hiyo.

Na wakati huo huo nchi inapigana yenyewe kwa yenyewe. Mdogo wake Wang Xi, Wang Yanzheng, alikuwa Jianzhou, huko juu ya mto Min, na toka mwaka 940 hawa ndugu walikuwa vitani, mpaka 943 Yanzheng akajitangaza kaizari wa nchi yake aliyoiita Yin. Msije mkamdhania Yanzheng ni malaika, waziri wake mkuu Yang Sigong alikamua watu kodi mpaka wakampa jina la Yang Mchuna Ngozi. Watu wa Fujian walikuwa wanasagwa pande zote mbili, na mimi ukiniuliza nani anastahili kuliliwa kwenye hadithi hii nitakwambia ni wao, wakulima na wavuvi ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Rudini kwa Zhu na Lian. Toka waue mfalme wa kwanza hawakulala vizuri, waliogopa siku moja mtu atakuja kulipiza, kwaiyo wakaoana familia, watoto wa huku na watoto wa kule, ili wawe kitu kimoja. Mwenzao mwingine, Wei Conglang, afisa wa Konghe, Wang Xi alimuua akiwa amelewa. Hapo jua limeshaanza kuwachwea. Alafu ikaja karamu moja ambayo mimi naiona kama saa yenyewe ya mapinduzi, ingawa hakuna upanga uliochomolewa. Mfalme, kikombe mkononi, akawatazama wale wawili akawasomea mistari ya mshairi wa enzi ya Tang, Bai Juyi, ile inayosema kwamba moyo wa mtu mliyekaa mmeangaliana naye, karibu kabisa, huwezi kuupima. Zhu na Lian wakaanguka chini wakalia, wakasema sisi ni watumishi, wewe ni baba yetu, tutakuwaje na nia nyingine? Mfalme hakujibu kitu. Hakusema sawa, hakusema hapana, alinyamaza tu. Fikirieni wamerudi nyumbani usiku ule na ule ukimya wake.

Juu ya hapo malkia naye akaingia. Malkia Li alikuwa na wivu na suria mmoja wa ukoo wa Shang aliyependwa sana na mfalme, na alitaka mwanae akalie kiti haraka. Akatuma mtu kwa Zhu na Lian awaambie bwana wenu hana raha kabisa na nyie wawili, mtafanyaje? Yeye alidhani anawatumia. Mwanae hakukipata kile kiti.

Masika ya 944 baba yake malkia, Li Zhen, akaugua, mfalme akatoka kwenda kumuona. Njiani, juu ya farasi, afisa wa Gongchen anaitwa Qian Da akamuua kwa amri ya Zhu na Lian.

Alafu wakaitisha maafisa wote ukumbini. Lian akasimama akasema mwanzilishi wetu alijenga nchi hii vizuri, watoto na wajukuu zake wameiharibu kwa uchafu na ukatili, mbingu imeuchoka ukoo wa Wang, tumchague mwenye maadili. Kimya. Hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Ndo Lian akamsukuma Zhu mpaka juu, akamvisha joho na taji, akawaongoza maafisa kugeukia kaskazini kumsujudia. Hiyo ndo ilikuwa kura yenyewe. Mimi nikisoma pale kwenye ule ukimya wa ukumbini naona kila kitu kitakachokuja kutokea baadae, maana waliosujudu kwa kuogopa watageuka siku hofu ikihamia upande mwingine.

Na kilichofuata ni kitendo ambacho siwezi kukipita haraka. Zhu alikusanya ukoo wa Wang waliokuwa Fuzhou, wakubwa kwa wadogo, zaidi ya watu 50, akawaua wote. Watoto humo ndani. Wengine wanasema ilikuwa kawaida ya zama zile, na ni kweli zama zilikuwa za damu, ila hata kwa vipimo vya siku zile watu walishtuka, tutasikia askari wenyewe wanavyolisema.

Kuna mtu mmoja nataka mumkumbuke hapa, Zheng Yuanbi. Huyu mwaka 943 Wang Xi alivyokuwa anamuoza binti yake, maafisa 12 hawakwenda kumpongeza, wakachapwa viboko, na mkaguzi Liu Zan naye akawa kwenye foleni ya kuchapwa kwa kutowaripoti. Zheng akasimama kumtetea. Mfalme akamuuliza unataka kujifanya Wei Zheng? Yule waziri maarufu aliyekuwa anamwambia kaizari Taizong wa Tang ukweli usoni. Zheng akajibu mimi nakuona wewe ni kama Taizong, ndo maana nathubutu kuwa kama Wei Zheng. Mfalme akapoa, Liu Zan akaachiwa. Sasa huyo huyo Zheng, Zhu alipokalia kiti, alimpinga kwa maneno. Akafukuzwa kazi, akataka kukimbilia Jianzhou, Zhu akamuua. Kwaiyo mlevi mwendawazimu alimvumilia Zheng Yuanbi, na yule aliyeingia kwa jina la kuondoa ukatili akamuua. Hiyo peke yake inatosha kujua tuko wapi.

Tuwe wakweli pia, Zhu alijaribu kuonekana tofauti. Alitoa amri wanawake wa ikulu waachiwe waende makwao, akasimamisha ujenzi wa makasri uliokuwa unawamaliza watu, akamzika Wang Xi kwa heshima na jina la kifalme. Lian akapewa majeshi yote ya ulinzi. Na haya yalikuwa mambo mazuri, kuachia wanawake na kuacha kujenga, ila yalikuja baada ya maiti 50 na zaidi.

Kwenye majimbo akapeleka watu wake, Huang Shaopo akaenda Quanzhou, Cheng Wenwei akaenda Zhangzhou, na Xu Wenzhen wa Tingzhou akakubali kumtii. Wang Yanzheng akatuma jeshi kumpiga, halikufanikiwa. Ukiangalia ramani mwezi ule ungesema Zhu kashinda, ana Fuzhou, ana pwani yote, amebakiwa na Jianzhou tu. Nje akatafuta kutambuliwa. Tang ya Kusini, jirani mkubwa pale Jinling, ambayo leo ni Nanjing, walimfunga mjumbe wake wakataka kabisa kumvamia, joto na magonjwa ya msimu ndo vikawazuia. Akajishusha kwa nasaba ya Jin ya Baadaye huko Kaifeng, akaacha kujiita mwenye nchi akajiita kaimu gavana wa kijeshi, akatumia kalenda yao, na wakampa cheo cha gavana wa Weiwu, yaani eneo la kijeshi la Fuzhou, na msimamizi wa mambo ya Min. Karatasi nzuri, ila Kaifeng ni mbali sana na isingetuma hata askari mmoja.

Sasa mjue jiografia ya Fujian. Ni milima mitupu, mabonde yametengana, miji ya pwani inafikika kwa bahari kirahisi kuliko kwa miguu. Kilichotokea Fuzhou leo, Quanzhou watakisikia baada ya siku kadhaa, na hawana namna ya kuhakikisha. Kwenye nchi kama hiyo anayeleta habari kwanza ana nguvu kama jenerali.

Mwezi wa 11 kwa kalenda ya Kichina, Quanzhou. Kuna afisa wa kati anaitwa Liu Congxiao. Akawaambia wenzake, Wang Zhongshun, Dong Si'an na Zhang Hansi, kwamba Zhu amewachinja akina Wang na kutuletea marafiki zake watutawale, sisi tumekula fadhila za akina Wang miaka yote na sasa tumekunja mikono tunamtumikia jambazi, siku Yanzheng akiichukua Fuzhou tutakufa na aibu yetu. Hayo ndo maneno niliyosema tutayasikia. Basi wakakusanya vijana wanaowaamini, usiku, nyumbani kwa Liu, wakanywa. Alafu Liu akawadanganya. Akawaambia Yanzheng ameshaichukua Fuzhou, na ametuletea amri ya siri tumkamate Huang Shaopo. Akaongeza, nikiziangalia sura zenu, hakuna hata mmoja aliyeumbwa kufa maskini, mkinifuata mtapata, msiponifuata janga hilo linakuja. Wale vijana wakaruka, wakachukua marungu, marungu jamani, wakapanda ukuta wakaingia wakamkata Huang kichwa.

Nataka mkae na hiyo kidogo. Fuzhou ilikuwa haijaanguka. Zhu alikuwa mzima ikulu na jeshi lake. Ila hakuna kijana hata mmoja pale aliyesema subiri tuhakikishe. Kwa nini? Kwa sababu wote walikuwa wanaisubiri hiyo habari toka mwanzo. Liu hakuwaletea jambo geni, aliwaambia kile ambacho kila mmoja alikuwa anakiwaza kitandani kwake. Alafu cha kwanza alichofanya Liu ni kubeba muhuri wa mkuu wa jimbo kuupeleka nyumbani kwa Wang Jixun, mpwa wa Yanzheng, akamuomba aongoze. Yaani lile somo la 939, weka Wang mbele, afisa wa kati wa mkoani alilielewa na Zhu hakulielewa.

Kichwa cha Huang kikapewa Chen Hongjin akipeleke Jianzhou. Njiani, Youxi, akakutana na askari elfu kadhaa wa Fuzhou wamefunga barabara. Alikuwa na kundi dogo, hakuwa na uwezo wa kupigana nao. Akawaambia jeshi la haki limeshamuua Zhu wa Fuzhou, mimi naenda mbio kumpokea bwana mpya Jianzhou, nyie bado mnalinda nini hapa? Akawaonyesha kichwa cha Huang. Wale askari wakatawanyika! Maelfu! Baadhi ya maafisa wao wakaongozana naye. Kambi nzima ikayeyuka kwa sentensi moja na kichwa cha mtu mwingine. Zhangzhou nayo haikuchelewa, afisa Cheng Mo akamuua Cheng Wenwei akaweka Wang Jicheng, na Tingzhou ikageukia kwa Yanzheng. Ndani ya muda mfupi Zhu akabaki na Fuzhou tu.

Hapo ndo vita vya kweli vikaja. Zhu akatangaza zawadi kubwa akakusanya watu 20,000, akawatuma chini ya Lin Shouliang na Li Ting'e kwenda kuipiga Quanzhou, wanasema ngoma zao zilisikika umbali mrefu mno. Yanzheng naye akatuma 20,000 kusaidia. Liu akafungua malango ya mji akatoka kupigana, jeshi la Fuzhou likavunjika, Lin akakatwa kichwa, Li akashikwa. Jeshi lililonunuliwa kwa zawadi lilipigana na watu waliokuwa wameshaua mkuu wa jimbo kwa marungu na hawana pa kurudi, sishangai matokeo.

Alafu jenerali wa Yanzheng, Wu Chengyi, akashuka na merikebu za vita 1,000 kuizingira Fuzhou. Zhu akapeleka watoto wake mateka kwa ufalme wa Wuyue, Hangzhou, akiomba msaada. Na hapa kuna kitu cha ajabu. Wakati huo huo Tang ya Kusini wakawa wametuma jeshi chini ya Zha Wenhui, ila linaenda kumpiga Yanzheng mwenyewe, bosi wake Wu! Habari mbaya kabisa kwa Wu. Yeye akaigeuza. Akawatangazia watu wa Fuzhou kwamba Tang wanakuja kutusaidia kuwaua waasi, jeshi lao kubwa liko njiani. Watu wa Fuzhou wakazidi kuogopa. Jeshi lilikuwepo kweli, yeye alibadilisha tu linakwenda kumpiga nani. Zhu akavunjika moyo, akamtuma waziri wake Li Guangzhun apeleke muhuri wa nchi kwa Yanzheng.

Ila muhuri haukutosha. Afisa wa chini wa ikulu, Lin Renhan, akawaambia wenzake sisi tumewatumikia akina Wang vizazi na vizazi, leo tunatawaliwa na msaliti, Yanzheng akiingia tutamtazama na uso gani? Akachukua watu 30 waliovaa deraya wakaenda nyumbani kwa Lian Chongyu. Lian alikuwa amejizungushia askari, wale 30 walipoona hivyo wakaanza kurudi nyuma. Lin Renhan hakurudi. Akashika mkuki mrefu akaenda moja kwa moja akamchoma Lian akafa, akakata kichwa akakiinua mbele ya askari wa Lian mwenyewe, akawaambia Yanzheng anakuja na mtaangamizwa ukoo mzima, Lian kashakufa, mnangoja nini kumchukua Zhu mjisafishe? Na wale walinzi, watu wa Zhu na Lian, wakaruka kumfuata. Wakamuua Zhu, wakamfungulia Wu malango, vichwa viwili vikapelekwa Jianzhou. Hiyo ni mwanzoni mwa 945.

Lin Renhan alipewa zawadi ndogo sana, na inaandikwa kwamba hakuwahi kutaja mwenyewe alichokifanya. Kwenye hadithi nzima hii huyu ndo mtu pekee namvulia kofia, pamoja na Zheng Yuanbi.

Yaliyobaki nitayapitisha haraka. Yanzheng akabadilisha jina la nchi ikawa Min tena, ila akabaki Jianzhou kupambana na Tang, akawachukua walinzi 15,000 wa Fuzhou, mji ukabaki mtupu, na mwaka huo huo wa 945 mwanajeshi mwingine, Li Renda, akamuua mpwa wa Yanzheng aliyeachiwa Fuzhou, akamweka kwenye kiti mtawa wa Kibudha, Zhuo Yanming, aliyesemwa ana mboni mbili kila jicho na mikono inayopita magoti, baada ya miezi michache akamuua na huyo. Jianzhou ikaanguka mwaka 945, Yanzheng akapelekwa Jinling, na ufalme wa Min ukawa umeisha. Fuzhou ikaishia mikononi mwa Wuyue.

Dada pale mbele ameuliza swali zuri wakati tunaanza kunywa maji, kwamba je Zhu angemwacha hai mtoto mmoja wa ukoo wa Wang akamweka kiti akatawala nyuma yake, angepona? Mimi naamini angekaa muda mrefu zaidi, na ushahidi wangu ni Liu Congxiao. Kwa sababu Liu naye mwishowe alichukua kiti! Mwaka 946 alimtoa Wang Jixun, yule yule aliyempelekea muhuri nyumbani, akashika Quanzhou yeye mwenyewe. Ila alisubiri zaidi ya mwaka, hakumuua, Wang Jixun akaenda zake Jinling akiwa hai, na watu wa Quanzhou walikuwa wameshamzoea Liu kama mtu aliyewatetea. Akatawala Quanzhou na Zhangzhou mpaka 962, akaupanua mji, bandari ikakua, na ni bandari hiyo hiyo ambayo baadae wafanyabiashara Waarabu na Waajemi waliita Zaitun, ambayo Ibn Battuta aliyefika kwetu Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliisifia sana. Baadae akashika Chen Hongjin, ndiyo, yule mjumbe wa Youxi aliyekuwa na kichwa kwenye boksi, naye mwaka 978 akaikabidhi kwa nasaba ya Song bila vita. Karibuni maswali mengine.